Bibi Harusi wa Karakanani

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, ya vitisho tu, imeondoka kabla sijamaliza kuanua nguo. Matope hayajakauka, lori la Kapteni hilo, linaingia uani kwetu.

Kapteni si kapteni wa chochote. Tunamwita hivyo kwa ajili ya ile kofia yake ya baharia. Alikaa ng'ambo miaka mingi, na sasa amerudi na mbao zake mwenyewe, anataka kaka amjengee kabati la vitabu la ukuta mzima. Zilivyoshushwa nilijizuia kucheka. Za kijivu, chafu, vichwa vimepasuka kama visigino vya mtembea peku. Nikasema moyoni, masikini, ng'ambo walimuuzia kuni.

Kaka aliuweka ubao mmoja kwenye benchi, akapitisha randa mara moja. Chini ya ule ukijivu kukafunguka rangi ya kaa la moto, na ndani yake mistari myeusi inapita kama moshi. Harufu ikajaa karakana nzima, tamu, kama mtu aliyeponda maua pamoja na pilipili manga. Hata dereva wa lori alisogea karibu kunusa.

"Inaitwaje?" kaka akauliza.

Kapteni akataja jina refu la kigeni, halikukaa kichwani mwa yeyote.

"Basi mimi nitaiita Bibi Harusi," kaka akasema. "Imekuja imejifunika, mpaka uifunue."

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Tumefunga milango na madirisha ya karakana ili mbao zisinyonye maji.

Jumapili, 10 Machi

Kaka amependa. Sijui nisemeje vinginevyo. Karakana aliyotuachia baba ina kazi zetu za kawaida, vitanda na meza na milango ya watu, lakini zote amezisogeza pembeni. Anakata na kuranda Bibi Harusi tu tangu asubuhi. Vipande vikitoka kwake vinakuja kwangu, barazani nyuma, navipiga msasa na kuvipaka polishi. Nami sidanganyi, hata polishi ni kujisumbua. Ukiusugua ubao huu kwa kitambaa kikavu unang'aa wenyewe, na rangi inazidi kuiva siku baada ya siku kama inakuangalia nawe unaiangalia. Leo ni Jumapili, hakuna kazi, nimemkuta kaka amekaa juu ya benchi anapapasa tu.

Wifi alisimama mlangoni na ungo mkononi. Yeye haingii karakanani, anasema vumbi letu linaingia mpaka kwenye unga wake.

"Fundi," akamwambia, "mimi niliolewa nikiwa peke yangu. Huyu mke mwenza mbona sikuambiwa?"

Kaka akacheka. Nami nikacheka, lakini nilimtazama usoni. Yeye hakuwa anacheka.

Ijumaa, 15 Machi

Kaka ameamka macho yamevimba, kope kama mandazi. Anasema ni usingizi. Usingizi gani wa kumvimbisha mtu?

Jumamosi, 16 Machi

Mvua kutwa. Viganja vinaniwasha, hii polishi mpya si nzuri.

Jumatano, 20 Machi

Sasa ni kikohozi. Kinamshika baada ya chai ya asubuhi, kinamwacha kidogo, saa za baada ya chakula cha mchana kinarudi na kifua kinalia kama mlango usiotiwa mafuta. Nimeanza kuangalia mpangilio huo. Chai, kikohozi. Chakula, kikohozi. Na nani anapika katika nyumba hii?

Sitaki kuandika ninachofikiri. Lakini leo nimewasikia wakigombana chumbani. Wifi kwa muda sasa anamshawishi waondoke, wahamie kwao wifi, kwa kaka yake, eti kuna kazi ya mshahara huko. Sauti yake ilipanda mpaka nikaisikia kutoka barazani: "Hii karakana itakuzika! Nakwambia itakuzika, na mimi sitalia!"

Mke anamwambiaje mumewe maneno hayo?

Jumatatu, 25 Machi

Kaka alialikwa na rafiki yake wa zamani, akaenda Ijumaa kukaa huko. Amerudi jana jioni mzima wa afya. Macho meupe, kifua kimya, anapiga hadithi. Amekula chakula cha mkewe, amelala, leo asubuhi amekunywa chai ya mkewe, kabla ya saa nne anakohoa ameshikilia benchi kwa mikono miwili.

Nilimuuliza wifi, kwa upole kabisa, "Chai leo umeweka nini?"

"Majani na maji, wifi. Ulitaka niweke nini?"

Na akanikazia macho mpaka mimi ndiye niliyeangalia chini.

Ijumaa, 29 Machi

Nimeamua uji wa kaka nitaupika mwenyewe. Nimeamka mapema, nimeukoroga, nimeufunika, nimekwenda kumwita. Kurudi jikoni, bakuli ni tupu. Wifi anamwaga wa mwisho mwisho kwenye mfereji wa nje, ule wa maji ya mvua.

"Ulikuwa umeingia mdudu," akasema.

Mdudu! Uji uliofunikwa! Hataki mtu mwingine amlishe mume wake. Sasa kwa nini?

Jumanne, 2 Aprili

Nimefunga mlango ndipo nimekaa kuandika.

Nimeingia jikoni kutafuta chumvi wifi akiwa dukani. Nyuma ya debe la unga, kwenye kitambaa, nimekuta kichupa. Nimekifungua na kunusa. Ni polishi yangu. Si inayofanana nayo, ni yenyewe, najua ninavyochanganya mafuta na spiriti kwa mkono wangu. Polishi, jikoni, imefichwa nyuma ya unga!

Nimekirudisha kama kilivyokuwa. Nimetoka nje nikasimama mvuani mpaka moyo ukatulia.

Jumatano, 3 Aprili

Nimempigia simu shangazi, dada wa baba, maana mzee mwingine hatuna. Nimemweleza yote: kikohozi, uji, kichupa.

"Mwanangu," akasema, "kikulacho ki nguoni mwako. Mimi barabara zikipitika nitakuja. Mpaka nifike, usimwambie kaka yako lolote. Mwanamume akishapenda, ukimsema mkewe unakuwa adui wewe."

Jumamosi, 6 Aprili

Kaka amekonda. Anapanda ngazi tatu za baraza anapumzika. Lakini kabati linapanda nalo, milango sita tayari, na kila mlango mistari ya mbao imekutanishwa na ya mwenzake utadhani ni mto mmoja unaopita. Sijapata kuona kazi kama hii kwa mikono ya baba wala ya mtu mwingine. Anafanya kazi kama anayekimbizwa. Mfuko wa shati lake umejaa maranda ya Bibi Harusi, anayanusa katikati ya kukohoa.

Jumanne, 9 Aprili

Wifi ameondoka. Mama yake anaumwa, wamemwita. Alizunguka nyumba kutwa nzima, anafunga mzigo anafungua, mpaka kaka akamwambia, "Nenda, mke wangu, mama ni mama." Nilifurahi moyoni na niliona aibu kufurahi, lakini nilifurahi.

Mlangoni alinishika mkono. Alinishika kwa nguvu.

"Wifi, nakuachia mtu anatembea. Nikirudi nimkute anatembea."

Ananitisha mimi! Katika nyumba ya baba yangu!

Ijumaa, 12 Aprili

Nimemkataza kaka kufanya kazi, amekubali kwa sababu hana nguvu ya kubishana. Napika mimi, namwandalia mimi, maji ya kunywa nachota mimi. Na leo ni siku ya tatu, kikohozi kimepungua! Amekula sahani mbili. Macho yanarudi.

Nilikuwa sahihi. Ee Mungu, nilikuwa sahihi.

Jumamosi, 13 Aprili

Anachoka kukaa bure. Anasema anaikosa harufu ya Bibi Harusi, mto wa kawaida haumletei usingizi. Nikamwambia subiri. Nimekusanya maranda, yale membamba kama nyuzi za hariri, nimeyajaza kwenye foronya nzuri ya marehemu mama, nimeishona. Nilipompa alizika uso wake mzima humo kama mtoto.

"Wewe ndiye dada," akasema.

Jumatatu, 15 Aprili

Jana sikuandika. Leo nitaandika yote, kwa sababu nisipoandika kichwa kitapasuka.

Jana baada ya chakula cha mchana kaka alikwenda kujilaza. Chakula nilipika mimi. Sahani niliosha mimi kabla ya kupakua, maana nilikuwa nimefikia hapo. Mvua ilikuwa kubwa, nami nilikaa barazani nikaisikiliza na nafsi imetulia, kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze. Kisha nikasikia kitu kikidondoka chumbani.

Nilimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Midomo ilikuwa ya bluu. Alikuwa anavuta pumzi na pumzi haiingii, shingo imekakamaa mishipa yote nje, na macho yananitazama kama anayeniuliza swali. Uso umevimba nisimjue. Ule mto ulikuwa chini yake, ameukumbatia.

Sikumbuki nilivyotoka. Jirani yetu muuza matofali alitupakia kwenye pikapu yake, mimi nyuma na kaka, nimemfunika kwa turubai, kichwa chake kifuani kwangu, maji yanatupiga. Njia nzima nilikuwa nasema jambo moja tu: wifi hayupo. Wifi hayupo, wifi hayupo. Nilipika mimi. Kama ni sumu, aliyempa ni mimi.

Hospitali walimpokea mbio, wakamwekea kitu usoni cha kuvutia hewa, wakamchoma sindano. Nilikaa kwenye benchi la korido nikitiririka maji kama mwavuli. Baada ya muda mrefu akaja daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuchoka.

"Wewe ni mkewe?"

"Dada yake."

"Anafanya kazi gani?"

"Seremala."

"Mbao gani?"

Nilishangaa. Nilijiandaa kuulizwa amekula nini. Nikamwambia ni mbao ya kigeni, jina silijui. Akaingia, akaniita ndani. Alimfungua kaka shati na maranda yakamwagika sakafuni, kutoka mfukoni, kwenye kola, mpaka kwenye nywele. Akachukua moja kwa kibanio, akalinusa kwa mbali.

"Mazuri," akasema. "Haya ndiyo yanamuua."

"Daktari, alikuwa hafanyi kazi tangu Jumanne. Alikuwa amepona."

"Akafanya nini jana?"

Nikamweleza mto. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Hakunigombeza. Alinieleza kwamba zipo mbao ambazo vumbi lake mwili wa mtu unaweza kulikataa, si wa kila mtu, na ukishaanza kulikataa unazidi kulikataa, kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka kidogo tu kinatosha. Na sisi tumekaa naye vumbini milango imefungwa msimu mzima.

"Lete mikono yako," akasema.

Nikanyoosha. Vipele vimefika mpaka kwenye viwiko.

"Hivi navyo ulifikiri ni nini?"

"Polishi," nikajibu.

Kaka yuko hai. Leo asubuhi amefumbua macho akaomba maji. Niliporudi nyumbani kubadili nguo niliubeba ule mto kwa kijiti, nikautia kwenye mfuko wa plastiki nikaufunga mara mbili. Halafu nikakaa chini uani nikalia mpaka muuza matofali akaja kuuliza kama kaka amefariki.

Jumatano, 17 Aprili

Leo wamefika wote wawili, kwa bahati yangu. Shangazi asubuhi, wifi mchana. Wifi alipitia hospitali kwanza, kwa hiyo alipoingia alikuwa anajua kila kitu, isipokuwa sababu ya shangazi kukaa kwenye kiti cha baba amejifunga kibwebwe kiunoni.

"Kaa hapo chini, mkwe wangu," shangazi akasema. "Kuna maneno."

Sikuwa nimepata nafasi ya kumweleza shangazi. Hapana, niandike kweli: nafasi niliipata, nikamkaangia mayai, nikamtandikia kitanda, nikaongea habari za barabara. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Sasa ikabidi nianze mbele ya wote.

"Shangazi, maneno ni yangu," nikasema. "Nilikuita kwa sababu nilimshuku wifi. Nilikwambia anamtilia kaka sumu. Ni vumbi la mbao. Na lililomlaza ni la mto niliomshonea mimi. Wifi, nakuomba radhi, mbele ya shangazi."

Nilitegemea alie, au anitukane. Wifi alikuwa anafungua na kufunga fundo la leso yake.

"Kile kichupa cha jikoni ulikiona?" akauliza mwishowe.

"Nilikiona."

"Nilichukua polishi yako nimpelekee mtu wa dawa aipime. Nilijua ndiyo unayomtilia kwenye uji."

Shangazi akageuka upande wangu, halafu upande wake, mdomo wazi.

"Mimi?" nikasema. "Nimtilie kaka yangu?"

"Umerudi kutoka kwenye ndoa yako huna pa kwenda. Karakana ni ya baba yenu. Kaka yako akifa, mimi nitarudishwa kwetu na wewe utabaki. Ghafla unaamka alfajiri kupika uji, wewe ambaye hupiki! Kwa nini nisikushuku? Kule kwa mama nilikuwa silali. Jumapili waliponipigia simu kwamba amezidiwa, nilisema basi, amemmaliza."

Alisema yote bila hasira, na hilo liliniuma zaidi. Wiki zote hizi nilikuwa nimekaa dirishani namchungulia, sikujua kuwa upande wa pili wa kioo na yeye ananichungulia mimi.

Shangazi alifungua kibwebwe chake taratibu.

"Nimepanda magari matatu kwenye matope," akasema, "kuja kuamua kesi ya ubao."

Wifi ndiye aliyeanza kucheka. Kicheko kibaya, cha machozi. Nami kikanishika. Lakini tulipomaliza hatukutazamana, na usiku kila mtu alikula pake.

Jumapili, 21 Aprili

Kaka amerudi nyumbani. Amekatazwa kuigusa Bibi Harusi, hata kuikaribia. Neno la kwanza aliloniambia: "Imebaki milango miwili tu."

Jumatatu, 22 Aprili

Kaka hataki. Anasema atajifunga kitambaa puani. Anasema atafanyia nje. Anasema daktari yule hajui mbao. Nimemwambia nilichokiona kwenye ile pikapu, rangi ya midomo yake, akaniangalia tu kama namsimulia habari za jirani.

"Mdogo wangu," akasema, "nimepigilia vitanda vya watu tangu nikiwa na ndevu mbili. Hakuna hata mmoja aliyesimama akatazama. Hii mtu atasimama. Niacheni niimalize."

Alisema kweli, hata mimi nilisimama nikatazama.

Jibu alikuwa nalo wifi. Aliingia karakanani, yeye ambaye haingii, akakaa juu ya rundo lile la mbao na nguo yake safi.

"Basi anza," akasema. "Randa. Mimi nimekaa hapa, sitoki. Ukianguka, nataka uanguke mbele yangu, nisisimuliwe na mtu."

Kaka alisimama na randa mkononi. Nilimwona anahesabu moyoni, kati ya mke na mbao. Ilichukua muda mrefu kuliko ilivyopaswa, na wifi aliuona muda huo, alihesabu pia. Kisha kaka akaiweka randa chini akatoka nje.

Ijumaa, 26 Aprili

Kapteni amekuja kuchukua mbao zake na kabati lisilokwisha. Nimemweleza kinagaubaga ili amweleze fundi atakayemalizia, nikamtaka arudie maneno yangu ndipo nikaamini amesikia. Kaka alisimama ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli wa mkewe, mpaka lori likakata kona. Wifi na mimi tumefuta karakana nzima kwa matambara mabichi, kuta, benchi, kila patasi. Tulifanya kazi bila maneno mengi, lakini alinivisha yeye mipira ya mikono nisichubuke.

Alhamisi, 2 Mei

Manyunyu. Kaka anatengeneza stuli za mbao nyepesi na ananuna.

Jumapili, 12 Mei

Jua leo, la kweli. Madirisha yote wazi.

Tangu juzi kaka amekuwa anapiga chafya akiamka. Asubuhi hii akakohoa mara moja, kile kile cha zamani. Wifi alikuwa anapepeta mchele, mimi nachambua maharage. Tulitazamana tu, na kwa mara ya kwanza tulikuwa tunamshuku mtu mmoja.

Alipokwenda kunyoa tuliingia chumbani. Wifi godoro, mimi sanduku. Yeye ndiye aliyekipata: soksi ya zamani imefungwa fundo, na ndani kipande cha Bibi Harusi cha urefu wa kiganja, chekundu kama ini, amekisugua mpaka kinang'aa. Pembe moja imelainika kwa kushikwashikwa.

"Mwanamume huyu," wifi akasema. Hakumalizia.

Tulikwenda pamoja mpaka kwenye daraja la mto. Maji bado ni mengi, ya kahawia, yanabeba matawi. Wifi alinipa mimi nitupe, nikamwambia ni kazi yako, wewe ndiye mwenye mume. Akasema, "Wewe ndiye unayeielewa." Mwishowe tuliishika soksi wote wawili, tukaiachia.

Tulivyorudi kaka alikuwa mlangoni, kidevu kinang'aa.

"Mmetoka wapi nyie wawili?"

"Matembezi," wifi akasema, akapita.

Kaka alinitazama mimi, akamtazama mkewe mgongoni, akanitazama tena. Tangu wakati huo anatembea chumba hadi chumba, anafungua droo na kuzifunga, na hawezi kumwambia yeyote anatafuta nini.